Maji ya Mwalimu Obiero

Mukhwana alikuwa fundi wa jakuzi, kazi ambayo wengi pale Eldoret hawakujua kama ipo. Akiulizwa kanisani anafanya nini, alijibu kwamba ni fundi wa mabomba, yakaisha. Akitaja jakuzi ilimbidi aanze kueleza: ni kama karai kubwa sana la plastiki, watu wanne au sita wanakaa ndani, maji yake ni ya moto mchana kutwa, na hayamwagwi watu wakishatoka. Hapo ndipo watu walipokunja uso. Hayamwagwi? Yaani mmoja anaingia, anatoka, na mwingine anaingia mumo humo? Mukhwana alicheka na kusema, "Ndiyo sababu mimi nina kazi."

Alikuwa ametoka Kimilili akiwa kijana, akaajiriwa hotelini kuokota majani kwenye bwawa la kuogelea. Miaka thelathini baadaye, alikuwa na funguo za mageti ya nusu ya matajiri wa Elgon View, na kule Kaptagat hakukuwa na kambi ya wanariadha ambayo mlinzi wake hakumjua. Wakimbiaji hupenda kuloweka miguu baada ya mazoezi. Miguu kumi na miwili yenye jasho na mafuta ya kuchulia ikiingia kwenye maji ya moto, dawa huisha mbio, na fundi asipokuwa macho, maji yanageuka kuwa mchuzi.

Ni kambi mojawapo ya hizo iliyomfikisha kwa Mwalimu Obiero.

Obiero alikuwa amefundisha jiografia kwa miaka thelathini na mmoja. Alipostaafu alibaki mtaa wa Kapsoya mjini Eldoret na mkewe Benta, ambaye alishona sare za shule sebuleni, na wengi walimwita Mama Amondi kwa jina la binti yao wa pekee. Mwaka wa pili wa kustaafu, kiharusi kilimwangusha Mwalimu akiwa anafunga kamba za viatu. Kiliuacha ulimi wake, kikachukua upande wote wa kushoto. Mkono ulijikunja kifuani, mguu ukakakamaa kama ubao. Daktari wa viungo alisema mazoezi ndani ya maji ya uvuguvugu yangemsaidia, akasema kwa sauti ya mtu anayejua kwamba maji hayo hayapo.

Habari zikamfikia Kipyego, aliyewahi kuwa mwanafunzi wa Obiero kabla ya kuwa mkimbiaji na kisha mwenye kambi. Kipyego alikuwa amenunua jakuzi mpya. Ile ya zamani akampa Mukhwana na kumwambia, "Peleka kwa Mwalimu wangu. Ifunge vizuri, na uwe unaiangalia."

Wanaume wanane waliibeba kutoka kwenye lori hadi nyuma ya nyumba. Mukhwana alikuwa amemwaga zege la kuikalisha na kuezeka mabati juu yake. Siku ya kwanza walimshusha Mwalimu ndani kwa kiti cha kamba, Benta akiwa amemshika kichwa kana kwamba anabatiza mtoto. Mukhwana aliwasha pampu kubwa, ile inayosukuma maji na hewa kupitia matundu ya ukutani, na maji yakaanza kuchemka kwa povu jeupe. Mwalimu alifumba macho. Baada ya muda, goti la kushoto likachomoza juu ya maji.

"Benta," alisema. "Ni nani ameinua huo mguu?"

"Si mimi," Benta akajibu.

"Basi ni mimi."

Akacheka mpaka akalia, na Mukhwana akajifanya anaangalia nyaya za umeme.

Tangu siku hiyo alifika kila Alhamisi. Alimfundisha Benta kila kitu, naye Benta, mtu wa kupima vitambaa, alishika haraka. Kila asubuhi alichovya kikaratasi cha kupimia na kulinganisha rangi. Alijua kwamba klorini ikishuka chini ya tatu Mwalimu haingii, hata akinung'unika vipi. Alijua kutia dawa moja, kungoja, ndipo atie nyingine, kwa maana zikikutana kwenye kijiko zinaweza kumtoa mtu macho. Filta aliiosha kila wiki na kuilowesha usiku mzima kila mwezi. Joto halikuzidi thelathini na sita, kwa sababu ya moyo wa Mwalimu. Na kila baada ya miezi mitatu Mukhwana alitia dawa ya kusafisha mabomba, akaiacha izunguke, akamwaga maji yote, akajaza upya.

"Ukiona maji ni safi, usiamini," alimwambia. "Uchafu wa jakuzi haukai mahali unapouona. Unakaa ndani ya bomba, kama utelezi. Hapo hata klorini haifiki vizuri."

Mwalimu, akielea na taulo shingoni, alimuuliza maswali. "Fundi, haya maji yametoka wapi?"

"Kwa mfereji, Mwalimu."

"Mfereji si mto. Yametoka milima ya Cherang'any. Yamepita msituni, yamepita bwawani, yamekuja kuninyoosha mguu. Wewe unasema mfereji!"

Mukhwana, aliyeacha shule darasa la saba, alizoea kufika saa moja kabla ya kazi ili asikie hayo. Alikunywa chai pale, akala pale. Miaka mitatu ilipita hivyo. Mwalimu hakurudi kutembea peke yake, lakini alisimama kwa fimbo, akajivisha shati, akaacha kuamka akilia kwa maumivu.

Julai ya mwaka huo ilikuwa na baridi kali, mvua ikinyesha kila alasiri. Jumanne moja Benta alipiga simu. Mukhwana alikuwa Kaptagat, amelala chali chini ya jakuzi ya hoteli iliyokuwa karibu kufunguliwa.

"Fundi, ile pampu kubwa inalia kama inasaga mahindi. Halafu kuna maji hapa chini."

"Hiyo ni sili imeisha, ule mpira wa kuzuia maji yasivuje. Izime hiyo kubwa, Mama Amondi. Ile ndogo ya kuzungusha maji ya moto iache. Mwalimu anaweza kuingia tu, ila hatapata ule mpulizo."

"Utakuja lini?"

"Kesho kutwa."

Hakwenda kesho kutwa. Sili ilibidi iagizwe Nairobi, na mwenye hoteli hakumpa nafasi ya kupumua. Siku zikawa tano, zikawa kumi. Benta alitia dawa kila asubuhi na Mwalimu aliingia kila jioni. Maji ya juu yalikuwa safi. Lakini Mukhwana alijua, kama anavyojua mikono yake, kwamba nyuma ya yale matundu kulikuwa na mita kadhaa za bomba ambamo maji yalisimama tu, yana joto na hayaguswi na dawa. Alilijua hilo akiwa Kaptagat, akalisukuma pembeni. Nitalishughulikia nikifika, alijiambia.

Alifika siku ya kumi na sita. Alifunga sili mpya kwa muda wa saa moja. Kilichobaki ilikuwa kutia dawa ya mabomba, kumwaga kila kitu na kujaza upya. Alienda kuangalia tangi, akalikuta limefika nusu. Juma hilo maji ya mfereji yalikuwa yanakuja siku mbili tu, na siku hizo zilikuwa zimepita. Mawingu yalikuwa yanajikusanya upande wa Kaptagat, na barabara ya hotelini ilikuwa ya udongo. Mwalimu alikuwa amekaa mlangoni kwenye kiti cha magurudumu, taulo magotini.

"Fundi, usiniambie nitangoja wiki nyingine. Huu mguu umeanza kurudi kuwa ubao."

Mukhwana aliwasha pampu kubwa. Maji yalitikisika, na pamoja na povu vikatoka vipande vidogo vyeusi, kama majani ya chai. Aliviokota kwa wavu. Alitia klorini mara tatu ya kawaida, akaacha pampu iendelee kwa dakika ishirini, akaokota tena. Vipande vikapungua, vikaisha. Alikaa akiyatazama yale maji kwa muda.

"Kesho," alimwambia Benta. "Kesho klorini itakuwa imeshuka. Aingie."

Akawasha pikipiki akawahi mvua.

Benta alimsimulia baadaye jinsi jioni iliyofuata ilivyokuwa. Mwalimu alikaa mbele ya tundu kubwa kuliko yote, mvuke umemzunguka kichwa kwa sababu ya baridi, akaimba wimbo wa shule aliyofundisha. Alikataa kutoka mpaka vidole vikakunjamana.

Siku ya sita akapata homa. Siku ya nane alikohoa akashindwa kupata pumzi. Hospitalini daktari alimwekea hewa, akamuuliza Benta maswali mengi, na mojawapo lilikuwa kama mzee amekaa karibuni kwenye maji ya moto yenye mvuke. Benta akasema ndiyo. Daktari akaandika, akachukua vipimo vya kupeleka Nairobi. Mwalimu Obiero alifariki Jumatatu asubuhi, kabla ya chai, binti yake Amondi akiwa ndani ya gari anatoka Kisumu, ambako alikuwa muuguzi.

Walimzika kwao Ugenya. Mukhwana alisafiri na majirani wa Kapsoya, akakaa viti vya nyuma kabisa chini ya turubai. Benta aliposimama kuzungumza alisema maneno machache kuhusu ndoa yao, kisha akatafuta kwa macho mpaka akamwona.

"Kuna mtu hapa si wa ukoo wetu," alisema. "Mukhwana, simama wakuone. Huyu alimpa mzee wangu miaka mitatu ambayo daktari hakuwa nayo."

Watu wakapiga makofi. Mukhwana alisimama, mikono ikining'inia. Chakula kilipoletwa aliipitisha sahani kwa aliyekaa karibu naye. Alikwenda nyuma ya choo akasimama akitazama ukuta, na mzee mmoja aliyempita akamwambia, "Pole, ndugu. Naona mlipendana."

Wiki nne baada ya mazishi Benta alimpigia aje aiondoe jakuzi. Alikuwa ameizima umeme tangu siku ya msiba, na hata kifuniko hakuwahi kukifunua. Mukhwana alifika saa tatu asubuhi. Cherehani ilikuwa imefunikwa kwa shuka. Benta alikuwa amekonda. Alimpa barua iliyokunjwa mara nne.

"Majibu yametoka," alisema. "Soma."

Mukhwana alisoma polepole. Kulikuwa na jina refu la kijidudu, lisilotamkika, na chini yake maelezo kwamba kijidudu hicho huishi kwenye maji ya uvuguvugu na mabomba yasiyotunzwa, na mtu hukivuta kwa pumzi pamoja na mvuke.

"Ni mimi," Benta alisema.

"Nini, Mama?"

"Ni mimi nilimuua." Alisema bila kupandisha sauti, kama mtu anayetaja ukubwa wa kola. "Hiyo wiki ya mwisho kulikuwa na mkutano wa akina mama kanisani, Jumamosi na Jumapili. Sikutia dawa hizo siku mbili. Nilisahau. Jumatatu nikapima, nikakuta iko chini, nikatia. Nikasema si kitu. Amondi aliniuliza, nikamwambia ukweli. Yeye ni nesi, anajua hizi vitu. Hajanitukana. Ameacha tu kunipigia. Nikimpigia hashiki, anaandika tu kwamba yuko zamu."

Mukhwana aliikunja barua mara nne, kama alivyoipokea. Alifungua mdomo. Kilichotoka ni, "Wacha niangalie huko nyuma kwanza."

Akatoka. Mbele ya jakuzi alipiga magoti, akayafungulia maji yamwagike, akafungua kifuniko cha pembeni, akachukua spana. Kichwani alikuwa na mtu anayeongea kwa utulivu kabisa. Mtu huyo alisema kwamba Benta ameshaamini analoamini. Kwamba mzee hatarudi. Kwamba barua inasema mabomba yasiyotunzwa na haitaji fundi yeyote. Kwamba Mukhwana ana watoto wawili sekondari na jina moja tu mjini.

Alilegeza kiungo cha bomba la nyuma ya tundu kubwa. Maji yaliyobaki yalitoka kidogo, meusi, yananuka kama tope la mtaroni. Aliingiza kidole. Ukuta wa bomba ulikuwa umevikwa utelezi mzito wa kahawia, uliokaa humo siku nyingi kuliko Jumamosi moja na Jumapili yake. Aliupangusa kwa kitambaa, akakikunjua kwenye mwanga. Siku mbili bila dawa zisingeleta kitu kile, na vile vipande vyeusi vilikuwa vimetoka kabla yake. Akaketi chini juu ya zege lenye maji na suruali ikalowa, akakaa hapo mpaka Benta akaja mlangoni kuuliza kama anahitaji kitu.

"Mama Amondi," alisema, "njoo uone."

Benta alikitazama kitambaa bila kukigusa.

"Si wewe," Mukhwana alisema. "Hizo siku mbili si kitu. Hii imejengeka wakati pampu ilikuwa imezimwa. Siku kumi na sita. Mimi ndiye nilikuambia Mwalimu aendelee kuingia. Na nilipokuja kufunga sili, ilitakiwa nimwage maji yote, nisafishe mabomba. Sikumwaga. Tangi ilikuwa nusu na mvua ilikuwa inakuja. Vipande vilitoka nikaviona, nikaviokota. Nikasema aingie kesho."

Benta aliinua macho kutoka kwenye kitambaa.

"Ulijua?"

"Nilijua kazi haijaisha."

"Ulijua inaweza kuua mtu?"

"Nilifundishwa kwamba inaweza. Miaka thelathini sijawahi kuona. Nikadhani haitatokea."

"Na kule Ugenya," Benta alisema, "nilikusimamisha mbele ya watu."

"Ndiyo, Mama."

"Ukasimama."

"Ndiyo."

"Mwezi mzima mimi silali. Nikifunga macho naona kile kijiko cha dawa. Na wewe ulikuwa unajua."

Benta aliingia ndani, akarudi na simu yake, akamwonyesha namba.

"Huyu hapa ni Amondi. Namba yangu hashiki, labda ya kwako atashika. Piga. Umwambie vile umeniambia. Usiongeze, usipunguze."

Vidole vya Mukhwana vilikuwa na utelezi, ikabidi avipanguse kwenye shati kabla ya kubonyeza simu yake mwenyewe. Amondi alipokea kwa sauti ya kazini. Mukhwana alijitambulisha na kueleza yote, akisimama kila alipoishiwa pumzi. Kutoka upande wa pili yakaja maswali, moja moja.

"Yale mabomba yalikaa siku ngapi bila kuzunguka?"

"Kumi na sita."

"Joto?"

"Thelathini na sita."

"Na ulipowasha, ulimwambia mtu asikae karibu na mvuke?"

"La. Sikumwambia."

Amondi aliposema tena, sauti ya kazini ilikuwa imemwondoka.

"Mama yuko hapo?"

"Yuko hapa."

"Mpe simu. Tafadhali mpe Mama simu."

Benta aliipokea kwa mikono miwili, akaingia ndani, akafunga mlango. Mukhwana alisikia Kiluo, asichokielewa, na kilio cha watu wawili, ambacho hakikuhitaji kutafsiriwa. Alirudi kwenye jakuzi. Kwa kuwa hakutaka mtu mwingine yeyote aingie ndani yake, aliikata kwa msumeno, kipande kwa kipande, akaanza na upande wa mabomba. Ilimchukua mpaka saa tisa. Mikono ilitoa malengelenge, yakapasuka, akaendelea.

Benta alitoka wakati anapakia vipande vya mwisho.

"Anakuja Jumamosi," alisema. Macho yalikuwa mekundu, lakini alisimama wima zaidi kuliko asubuhi. "Ameniomba msamaha. Mtoto wangu ameniomba mimi msamaha."

"Nashukuru Mungu."

"Usishukuru hapa, Fundi. Maliza, uende."

Wiki hiyo Mukhwana alipita kwa kila mteja. Kwa kila mmoja alisimulia yaliyotokea, bila kutaja jina la marehemu, na kuomba jakuzi ifungwe hadi asafishe mabomba yake. Kipyego alimsikiliza akiwa amesimama, akamgeuzia mgongo, akasema kambi yake itatafuta fundi mwingine. Mwenye ile hoteli ya Kaptagat alimwambia wageni wanaingia Ijumaa na hataki hadithi. Mukhwana akachomoa fyuzi, akaziweka mezani mbele yake, akamwambia kwamba atakayezirudisha awe mwingine. Wengine walimwelewa, akabaki nao. Jina lake halikurudi kuwa lile la zamani.

Desemba, shule zilipofungwa, Benta alimpigia. Mukhwana alitazama namba hiyo ikilia karibu ikatike.

"Nahamia Ugenya," alisema. "Tangi iko juu ya stendi na hawa wa lori wanaogopa kuishusha. Mimi sijui fundi mwingine."

Alienda. Amondi alikuwepo, amevaa kanzu ya mamake, anafunga vyombo kwenye magazeti. Alimsalimia kwa heshima na bila tabasamu. Mukhwana alimwaga maji yaliyobaki, akafungua tangi, akalishusha kwa kamba na vijana wa lori wakilipokea chini. Cherehani ilikuwa ya mwisho kupanda, imefungwa kwa blanketi.

Lori lilipowashwa, Benta alimjia pale getini.

"Naomba kila siku niweze," alisema. "Nakuona ukiwa unakula kwangu, nakuona ukicheka na yeye. Naomba Mungu aniwezeshe. Bado sijaweza, Mukhwana."

Katika miaka yote hiyo, nje ya ile siku ya mazishi, hakuwahi kumwita kwa jina.

"Sawa, Mama," alisema.

Benta alimpa mkono, akauacha mkononi mwake kidogo, kisha akapanda mbele karibu na binti yake. Mukhwana alifunga geti baada yao, akapeleka funguo kwa mwenye nyumba kama alivyoagizwa, akatembea kwa miguu hadi mjini akiisukuma pikipiki, kwa maana macho yake hayakuwa yakiona barabara vizuri.